Blanketi la Viraka kwa Saa Moja ya Usingizi wa Mtoto

Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Mchana hulala saa saba na nusu, akishashiba, na kama hakuna bodaboda yenye mlio mbaya inayopita chini ya dirisha, huamka saa nane na nusu. Saa hiyo moja ndiyo karakana yangu. Ndani yake, tangu mvua za Machi mwaka jana, nimeshona mablanketi mawili ya viraka na la tatu liko ukingoni. La kwanza analo yeye mwenyewe. La pili liko Kabale kwa dada yangu, kule ambako asubuhi mtu hatoki nje bila sweta. La tatu liko mezani hapa, limebaki pindo la upande mmoja.

Naandika kwa mama mwenzangu mwenye mfuko wa vitambaa chini ya kitanda na mtoto anayemng'ang'ania sketi, aliyejiambia kwamba atashona mtoto akikua. Usingoje, dada. Badilisha namna ya kushona tu.

Mimi nilikuwa fundi kabla sijawa mama. Nilifundishwa na mama yangu mzazi katika kota za polisi, ambako kila nyumba ilikuwa na kabila lake na sisi watoto tulicheza, tukagombana na kupatana kwa Kiswahili. Baadaye nilishona miaka sita kwenye baraza moja la soko la Busia, upande huu wa Uganda: sare za shule, gomesi (yale magauni marefu ya heshima ya wanawake wa Uganda), na magauni ya vitenge. Nilipojifungua nikadhani nitahamishia cherehani nyumbani na kazi iendelee kama kawaida. Haikuendelea. Gomesi haikubali kuachwa katikati. Mteja anaingoja, satini inateleza, na ukiinuka kumpangusa mtoto, ukirudi umeshasahau kipimo ulichokuwa nacho kichwani.

Blanketi la viraka si hivyo. Linakua kwa vipande vidogo, na kila kipande kikiisha kimeisha. Ukiitwa na kilio unaliacha lilipo, kesho unalikuta vilevile. Kwa hiyo kila hatua ninayoieleza hapa nimeipitisha kwenye swali moja: nikiinuka sasa hivi, nitapoteza nini? Kama jibu ni "vingi", hatua hiyo inasubiri usiku au inatafutiwa njia nyingine.

Mabaki yanapatikana wapi

Mwezi mzuri ni Januari. Muhula wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari, na wiki za kabla yake mafundi hukata sare usiku na mchana, sakafu zao zikajaa vipande. Kabla ya Idi na kabla ya Krismasi ni zamu ya vitenge. Mpelekee fundi mfuko mtupu wa unga asubuhi, umwombe avitupie humo badala ya kuvifagia nje, kisha upitie jioni. Mimi hulipa shilingi 2,000 kwa mfuko uliojaa. Wengine hawataki hata hela, wanashukuru kupunguziwa taka.

Mlango wa pili ni mivumba, yaani mitumba. Tafuta mashati ya wanaume ya pamba, hasa makubwa yenye kola iliyochakaa ambayo hakuna anayeyataka. Ukilifumua shati moja kubwa, mgongo wake peke yake unatoa viraka 16 vya inchi tano bila taabu. Mlango wa tatu ni kabati lako: shuka zilizotoboka katikati huku pembeni bado ni nzima, nguo za mtoto zilizomkaa fupi, leso iliyopauka. Usidharau kilichopauka. Kule Alabama, Marekani, wanawake weusi wa kijiji cha Gee's Bend walishona mablanketi kwa suruali za kazi za shambani zilizokwisha magotini, na mwaka 2002 kazi hizo zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Sehemu ile nyeupe iliyobaki kwenye goti la suruali ndiyo inayolipatia blanketi uhai.

Chagua kabla ya kushika mkasi

Mfuko wangu wa kwanza niliuziwa kwa kiapo kwamba ni pamba tupu. Nikaosha, nikakata, nikaunganisha safu mbili, nikapiga pasi. Kiraka kimoja cha buluu kikajikunja ghafla kama jani lililowekwa juu ya kaa la moto, kikayeyuka na kung'ang'ania chini ya pasi. Nyumba ikanuka plastiki iliyoungua, na kabla sijafahamu, pasi ikaacha alama nyeusi kwenye viraka vingine vitatu. Tangu siku hiyo siamini kiapo cha mtu juu ya kitambaa. Naamini moto.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kata kijisehemu chembamba kama kijiti cha kiberiti, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kiwashe, mtoto akiwa amelala au yuko na mtu mwingine. Pamba hushika moto kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ni laini, ya kijivu, ukiyagusa yanasambaratika. Poliesta huukimbia moto kwanza, halafu huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kilichochanganywa hufanya yote mawili: kinawaka, na bado kinaacha chembe ngumu. Pima hata vitenge, maana siku hizi viko vya pamba na viko vya poliesta, na macho hayatoshi kuvitenganisha.

Vitambaa vya sare mara nyingi vimechanganywa. Sivitupi. Vina mfuko wao, na blanketi lao ni la kutandika chini, la kuchezea, na pasi yake ni ya moto mdogo. Usichanganye makabila haya mawili katika blanketi moja, kwa sababu kimoja kitasinyaa kwenye maji na kingine hakitasinyaa, na blanketi litabaki na vilima.

Kisha rangi. Nyekundu, nyeusi na nili ndizo za kushukiwa. Ziloweke kwenye beseni kwa maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe cha zamani, nusu saa. Kitambaa cheupe kikitoka cheupe, umepona. Kikitoka na rangi, osha tena na tena mpaka maji yawe safi. Kama hayasafiki, kiraka hicho kisiingie. Kimoja tu, chekundu, kidogo kama kiganja cha mtoto, kiliwahi kunigeuzia viraka vinane vyeupe kuwa waridi.

Vingine vyote vioshe kwa maji ya moto kabla ya kukata. Pamba husinyaa, na kitenge kipya kina wanga unaokifanya kionekane kigumu kuliko kilivyo. Kisinyae sasa, mikononi mwako, kisisinyae baadaye ndani ya mshono.

Hesabu na kukata

Blanketi la kwanza lifanye la mtoto, dogo. Hesabu yangu: viraka vya mraba vya inchi 5, vinane kwenda upana na kumi kwenda urefu, jumla 80. Kila mshono unakula robo inchi upande huu na robo upande ule, kwa hiyo kiraka cha inchi 5 kikishashonwa kinabaki inchi 4 na nusu. Mara nane ni inchi 36, mara kumi ni inchi 45. Linamtosha mtoto mpaka aanze shule. Kwa bitana ya nyuma, yadi moja na nusu ya kitenge inatosha na inabaki.

Kiolezo usikate kwa kadibodi. Ukishazungusha chaki mara thelathini, pembe zake zinakuwa mviringo na viraka vya mwisho vinatoka vidogo kuliko vya kwanza. Mimi nilikata changu kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi, kwa kisu na rula. Nakitumia tangu blanketi la kwanza na pembe zake bado zinachoma kidole.

Kabla ya kuweka kiolezo, vuta kitambaa. Kwa urefu wa nyuzi zake, mtande, hakivutiki. Kwa upana kinavutika kidogo sana. Kwa hanamu kinanyooka kama mpira. Kingo za kiolezo zifuate nyuzi, zisikae hanamu, la sivyo mraba wako utakuwa mraba mezani na utakuwa kitu kingine kwenye cherehani.

Mkasi hautoki nje mtoto akiwa macho. Hilo kwangu halina mjadala. Usingizi mmoja unanipa viraka 20 hadi 25, kwa hiyo siku nne kazi ya kukata imekwisha. Vifungo vya mashati ninavyovikata vinaingia moja kwa moja kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Kifungo ni kitu cha kwanza ambacho mtoto anayetambaa atakiokota na kukitia mdomoni.

Kupanga ni kazi ya mtoto akiwa macho

Hapa ndipo mtoto anaingia kazini. Tandika mkeka, mwaga viraka vyote 80 katikati, mkae wote wawili. Mimi humwambia, "Nipe ya njano," naye anatafuta. Akiwa hajatimiza miaka miwili aliniletea yoyote. Sasa anajua rangi nane kwa Kiswahili na kwa Kisamia, maana nyanya yake naye hukaa mkekani akamsahihisha.

Kanuni ya kupanga ni moja tu ninayoijali: kilichokolea kikae karibu na kilichofifia, kama ubao wa drafti. Ukifuata hiyo, hata vitenge vyenye maua makubwa yanayogombana vitapatana. Usipange kwa rangi peke yake. Funga jicho moja nusu, utaona mara moja mahali ambapo viraka vitatu vizito vimerundikana.

Ila binti yangu alivichukua viraka viwili vya gauni lake la kwanza, lile alilovaa siku tuliyotoka hospitali, la samaki wadogo wa kijani, akaviweka pamoja upande kwa upande na kuvifunika kwa viganja vyote viwili. Nilivitenganisha. Akavirudisha. Nikavitenganisha tena alipogeuka, naye aliporudi akaanza kulia kwa uchungu wa kweli. Viko pamoja mpaka leo, safu ya sita. Akilala huvitafuta kwa kidole.

Ukiridhika piga picha kwa simu. Kisha kusanya kila safu kutoka kushoto kwenda kulia, kiraka juu ya kiraka, weka juu yake karatasi yenye namba, funga kwa uzi kama kifurushi. Vifurushi kumi, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Sasa kazi yote imegawanyika, na kila kifurushi ni usingizi mmoja.

Kushona safu

Mwenye cherehani ya miguu asikate uzi kati ya kiraka na kiraka. Shona jozi ya kwanza, ikiisha sukuma jozi ya pili chini ya mguu wa cherehani, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, bila kuinua mkasi, kisha ya tatu. Zinatoka nyuma zikining'inia kama samaki kwenye kamba. Unaokoa uzi na unaokoa dakika. Mtoto akiamka unaacha zikiwa zimening'inia.

Robo inchi ipime kutoka kwenye sindano, usiuamini ukingo wa mguu wa cherehani, maana za zamani hazilingani. Bandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye bati la cherehani mahali penye robo inchi, kitambaa kiifuate plasta hiyo. Hata ukikosea kidogo, kosea kosa lilelile kila mara, safu zitakubaliana.

Mwenye mkono tu, bila cherehani, ashone mishono midogo ya kupitisha, na kila baada ya mitano arudi nyuma mmoja kukaza. Tumia uzi wa pamba mmoja, usiozidi urefu wa mkono wako toka kidoleni hadi kiwikoni mara mbili; mrefu zaidi unajifunga. Vaa subana. Wengi wanaidharau mpaka kidole cha kati kinapotoboka.

Sasa sikiliza vizuri jambo la pasi, kwa sababu hapa ndipo blanketi zuri linapoachana na blanketi la hivihivi. Usifungue mshono pande mbili. Ulaze upande mmoja. Safu ya kwanza mishono yote ilale kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, hivyo hadi ya kumi. Ukija kuunganisha safu ya kwanza na ya pili, ziweke uso kwa uso, ushike mahali pembe zinapokutana kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue taratibu. Utasikia mshono mmoja unateleza hadi unagonga mwenzake na kukaa, kama mlango unaoingia kwenye fremu yake. Hapo huhitaji pini. Shona juu yake, ufungue, utaona pembe nne zimekutana kwenye nukta moja. Mara ya kwanza nilipoipata vizuri nilimwita baba yake kutoka nje aje aone.

Pasi yenyewe ni kazi ya usiku. Umeme ukiwepo sawa. Ukikatika, ya mkaa inafanya kazi nzuri hata zaidi kwa uzito wake. Itikisie nje majivu yaanguke, ifute chini kwa kitambaa chenye maji, ijaribu kwenye kitambaa kibovu kwanza. Ukimaliza ipandishe juu ya kabati, kwa sababu ya mkaa hubaki na moto muda mrefu baada ya wewe kuisahau. Mimi hukusanya safu mbili tatu ndipo niwashe mkaa, siwashi kwa safu moja.

Matabaka matatu

Katikati ya blanketi panataka kitu cha kulipatia uzito. Kwetu Busia kuna joto, kwa hiyo la binti yangu nililiwekea shuka kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara mbili. La Kabale nililiwekea blanketi la kijivu lililochakaa, na dada yangu akanipigia simu kuniambia kwamba hajaamka usiku kuvuta nguo. Usitie sponji, haikauki. Usufi ni mwepesi na una joto, lakini hukimbilia pembeni usipoushona kwa karibu sana, kwa hiyo mwanzoni uuache.

Hatua hii ndiyo pekee isiyokubali kuachwa katikati, kwa hiyo ifanye usiku na umwombe mtu mzima akusaidie. Tandaza bitana sakafuni uso ukiangalia chini, izidi viraka inchi mbili kila upande. Ivute isiwe na mkunjo, uikandamize pembe kwa vitabu au sufuria. Juu yake weka cha katikati. Juu kabisa weka viraka, uso ukikuangalia. Sasa piga bandi: mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, ukianzia katikati kwenda nje, msalaba kwanza, halafu mistari iliyoachana upana wa kiganja. Ukianzia pembeni, hewa na mikunjo itakusanyika katikati, utafumua. Saa moja na nusu kwa watu wawili. Bandi zikishakaa, blanketi linaweza kukunjwa, kurukiwa, kulaliwa, halitaharibika.

Baada ya hapo ni kushona matabaka yote kwa pamoja, mtoto akilala, kidogo kidogo. Njia ya haraka ni mafundo: pembe za ndani ziko 63, na kila moja unapitisha uzi mnene wa pamba chini, unaurudisha juu, unafunga kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia. Lakini kwa mtoto mdogo mimi siyapendi. Nyuzi zinazochomoza ananyonya na kuvuta. Ukiamua kuyafunga, acha mikia ya inchi moja na uizamishe ndani ya blanketi kwa sindano. Mimi napitisha mishono ya mkono kwa mistari, kidole kimoja kando ya kila mshono wa kiraka. Ni polepole. Ila ule mgongo wa blanketi wenye vijishimo vidogo vidogo, ukiupitisha mkono gizani unaujua ni wa nani.

Pindo ni rahisi: kata cha katikati kilingane na viraka, kisha punguza bitana ibaki imezidi inchi moja, ukiangalia mno usije ukaikata pamoja. Ikunje nusu inchi, ikunje tena ipande juu ya viraka, shona. Pembe zikunje kwanza kwa mshazari, halafu pande.

Njia ya mkono mtupu

Nimeeleza njia ya miraba kwanza kwa sababu ndiyo wengi wanaijua, na ndiyo ya mwenye cherehani. Lakini kama mtoto wako hajafika miaka mitatu na huna usiku wa kutandaza sakafuni, kuna nyingine ninayoipenda zaidi, na asili yake inanigusa.

Huko India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Siddi, wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo kuukuu yanayoitwa kawandi. Hawakati miraba, hawapangi kwanza, hawatumii fremu. Wanatandika bitana, wanaweka cha ndani, wanakunja ukingo, na wanaanza pembeni. Kiraka cha kwanza kwenye pembe, kingo zake zimekunjwa ndani kwa kidole, kinashonwa kwa mishono ya kupitisha inayoshika matabaka yote kwa mara moja. Kinachofuata kinapanda kidogo juu ya kile. Wanazunguka ukingo wote, wanarudi mzunguko wa pili kwa ndani, wa tatu, mpaka wanafika katikati. Mwishoni wanashona kwenye pembe nne vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Bila hayo kwao kazi haijaisha.

Angalia inavyomfaa mama. Hakuna kiolezo, hakuna pasi. Kucha inatosha kukunja ukingo. Hakuna usiku wa kupiga bandi sakafu nzima, ni bandi chache tu za kuzuia cha ndani kisitembee. Pindo linakuwa limeisha tangu mwanzo. Sindano moja, uzi mmoja, na popote ulipoachia ndipo unapoanzia. Blanketi langu hili la tatu lilianza kama miraba lakini mzunguko wa nje nimeushona hivi, barazani, binti yangu akipika ugali wa udongo miguuni pangu. Wakati wa kushona kiraka kimoja alikuja mara nne kunionjesha. Nilionja, nikachomeka sindano kwenye kitambaa, nikaendelea.

Sindano

Sindano ni tano, hazizidi. Asubuhi nazihesabu tano, jioni nazihesabu tano, na zisipotimia hakuna anayekaa mkekani mpaka ipatikane. Zinakaa zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni ya mche ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Sabuni pia inazifanya ziteleze vizuri kwenye kitenge kigumu. Pini situmii kabisa. Nimefumua spika ya redio iliyokufa nikatoa sumaku yake, nikaifunga kamba: ukiiburuta juu ya mkeka inaokota sindano ambayo macho yamekataa kuiona. Uzi wa sindano inayotumika uwe wa rangi kali, nyekundu au machungwa, na usiiache bila uzi hata dakika moja. Sindano yenye mkia inaonekana.

Na kwa mwenye mtoto mchanga: madaktari wa watoto wanashauri kwamba asiyetimiza mwaka asilazwe na blanketi lililo huru kama hili, maana linaweza kumfunika uso akashindwa kupumua. Kwa mwaka huo wa kwanza litandike mkekani, alalie tumbo juu yake akiwa macho nawe ukimwangalia.

Kufua

Likilowa ni zito. Fua siku ya jua, kwa maji ya baridi, kamua watu wawili, mmoja kila upande. Anika juu ya kamba mbili sambamba ili hewa ipite katikati, kivulini kama unataka rangi zidumu, na usilianike kwenye nyasi. Kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Likikauka lipige pasi ya moto pande zote mbili, na mishono yote, kabla mtoto hajalilalia. Wiki za mvua, ambapo halikauki kwa siku moja, sifui kabisa. Nalipunga, nalitundika dirishani, basi.

Langu hili limebaki inchi 20 za pindo na phula nne. Phula nitazikata kwenye gauni lile la samaki, kimebaki kipande cha mkono. Kesho, saa saba na nusu.